Ukuta wa Bi Nasma

Bi Nasma alibomoa ukuta wa ofisi yake mwaka 2013, na mpaka leo wapo watu Kasulu wanaoapa kwamba alikuwa amerogwa. Mwanamke ana kiwanda chake cha sabuni, ana ofisi yenye dirisha la kioo na pazia la maua, halafu anaamka asubuhi, anamwita fundi mwenye nyundo na kumwambia: bomoa. Wewe ungesemaje?

Hakurogwa. Alikuwa amekwenda semina.

Kiwanda aliachiwa na mumewe, marehemu Abdalah, mtu wa maneno machache ambaye babu yake alitoka Pangani na mzigo wa vitambaa na asirudi tena. Kilikuwa banda moja refu nyuma ya soko. Mawese yanatoka vijiji vya kando ya ziwa, kostiki, ile dawa kali ya sabuni, inatoka Kigoma mjini, vinachanganywa kwenye mapipa, vinamwagwa kwenye makasha ya mbao, na vikiganda vinakatwa kwa waya kuwa miche. Wafanyakazi hawakuzidi kumi na watano. Bi Nasma alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na hakuna aliyeona hafai alipokalia kiti cha mumewe. Kazi aliijua.

Ila kuna jambo moja hakulijua. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012 na Warundi wakarudishwa kwao, wenye maduka ya kule waliacha kununua sabuni. Jambo lenyewe lilianza kuonekana miezi kadhaa kabla. Dereva, Longinus, aliliona. Wapakiaji waliliona. Miche ilirudi na gari kama ilivyokwenda. Bi Nasma peke yake ndiye aliyeendelea kuagiza mawese kana kwamba dunia nzima inafua.

Na kwa nini hakuambiwa? Hapo ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Waha, watu wa huku Buha, wana adabu zao. Habari mbaya haibebwi ikatuliwa mbele ya mkubwa kama gunia la mihogo. Inatafutiwa mtu wa katikati. Pale kiwandani mtu huyo alikuwa Pelagia, mpika chai. Ukiwa na neno gumu unamwachia Pelagia jikoni, naye akipeleka chai ofisini anajiinamia, anapanga kikombe polepole na kusema, "Mama, eti nasikia..." Basi, habari imefika, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Sasa miezi ile Pelagia alikuwa kijijini Nyakitonto, akimlea binti yake aliyejifungua. Habari ya Mtabila ikakaa jikoni inamngoja. Hakuna aliyeona kwamba ni kazi yake kuipeleka.

Bi Nasma alipokuja kujua, stoo imejaa mawese mpaka mlangoni na mengine yameanza kuchacha. Alilia kwa hasira. Ndipo alipokwenda semina ya wafanyabiashara Kigoma, akamkuta kijana mmoja kutoka Dar, tai shingoni, anafundisha habari za uwazi: bosi asijifungie, mfanyakazi aseme analoliona, jambo lizungumzwe mbele ya wote. Wenzake wengi walisinzia. Yeye aliona anasemwa yeye. Akarudi na kumwita fundi.

Ukuta ukaanguka, meza ikabaki wazi katikati ya njia ya kwenda kwenye makasha. Alifurahi siku mbili tatu. Baadaye akaona kazi imedorora, hajui kwa nini.

Sababu ilikuwa salamu. Mkubwa ukimkuta huwezi kumpita kama unapita mti. Unatua mzigo, unainama, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye," unaitikiwa, unauliza za nyumbani, unaulizwa za kwako, ndipo unapita. Zamani bosi alikuwa ndani, anasalimiwa asubuhi, imeisha. Sasa amekaa njiani kutwa nzima! Aliyebeba ndoo ya mawese anaitua. Aliyebeba kasha analitua. Akirudi mikono mitupu, salamu tena. Mpaka wenyewe wakachoka, na bila kushauriana wakaanza kuzunguka nyuma ya banda kupitia kwenye migomba. Bi Nasma alipotoka siku moja kuangalia, alikuta kinjia kimeshakanyagwa, cheupe, kinang'aa.

"Yaani nimebomoa ukuta ili mnikimbie?" alifoka.

Aliyemjibu alikuwa Mzee Tharsisi, msimamizi wa mapipa, mtu wa Heru Juu, mrefu, mwenye mvi, aliyeanza kazi pale enzi za Abdalah. "Hatukukimbii, mama. Tunakuheshimu."

"Basi niheshimuni kwa kufanya kazi. Salamu moja asubuhi inatosha. Na kila Jumamosi tutakaa hapa, mtu aseme lake."

Jumamosi ya kwanza wakakaa kwenye makasha, wakapewa chai na maandazi. Bi Nasma akauliza nani ana neno. Kimya. Mzee Tharsisi akasimama, akasema, "Tunashukuru kwa chai." Wote wakapiga makofi. Jumamosi ya pili wakashukuru kwa chai. Ya tatu, chai. Mwingine angekata tamaa. Yeye akajiuliza, nani atavua nguo kama mwenyeji amejifunika blanketi? Akaanza kusema yake. Alisema mawese yaliyochacha ni kosa lake mwenyewe, kwa kuwa hakutoka kwenda kuona. Alisema anaogopa kiwanda kitafungwa, na hajui afanye nini. Wakashtuka. Mkubwa anasema anaogopa?

Wa kwanza kufumbua mdomo alikuwa Careen, binti wa kwenye meza ya kukatia, mwembamba, ulimi kama wembe. Alisema waya umechakaa, miche inatoka imepinda, na yeye ndiye anayetukanwa. Jumatatu yake waya mpya ukawa mezani. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Longinus akasema gari linahitaji breki, na watu wasimlaumu akikataa kwenda Kibondo wakati wa mvua. Pelagia, aliyekuwa amesharudi, naye akasema amechoka kubebeshwa maneno ya watu wazima wenye midomo yao. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Wazo la kufungua stoo Kibondo, ambako soko lilikuwa bado lipo, lilitoka kwenye kikao hicho hicho, na ndilo lililokiokoa kiwanda. Kufika mwaka wa pili watu walikuwa wanasema mpaka wanakatizana. Wafanyabiashara wengine walikuja kushangaa, na Bi Nasma alijisifu kidogo. Tumpe haki yake, alistahili.

Stoo ya Kibondo alimpa mwanawe wa pekee, Hamis.

Hapa lazima nieleze jambo moja la sabuni. Mche ukikatwa haujaiva. Unapangwa kwenye chaga ukae, kama mwezi hivi, ule ukali wa kostiki uishe. Kasulu palikuwa padogo, kwa hiyo miche ilikaa juma moja tu, ikapelekwa Kibondo ikamalizie kuiva kule kabla ya kuuzwa. Na kujua kama sabuni imeiva hakuhitaji mashine. Unaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiwa imeiva, unasikia ladha ya sabuni, unatema, yamekwisha. Ikiwa mbichi, inakupiga ulimi kama betri ya tochi, ila betri ina huruma. Pale kiwandani kila mtu alionja, na marehemu Abdalah alionja kuliko wote.

Mwaka 2015 watu walianza tena kuvuka kutoka Burundi, na wenye maduka Kibondo wakawa wanagombania sabuni. Hamis alipiga simu kila siku. "Mama, mzigo unatoka balaa! Leta mwingine." Kijana alikuwa na miaka ishirini na saba, shati limenyooshwa, mcheshi, anapendwa na wateja. Mama yake akikata simu alikuwa anatabasamu peke yake. Mzazi gani asingetabasamu?

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, chai ikiwa imemiminwa, Mzee Tharsisi alisimama. Mkononi alikuwa na mche wa sabuni ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mama," alisema, "huu Longinus ameununua sokoni Kibondo. Ni wa kwetu. Haujaiva. Wanawake wa kule wanababuka mikono, na wengine wanaogeshea watoto. Chaga za Kibondo ni tupu. Kijana wetu Hamis anaiuza siku ile ile inaposhushwa."

Kimya kilichoingia hapo hakikuwa kile cha zamani cha adabu. Watu walikuwa wanangoja. Walikuwa wamezoea kwamba neno likisemwa, linashughulikiwa.

Bi Nasma alisikia joto linampanda kutoka kifuani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliona midomo ya watu wake, akaona Careen anamtazama, akamwona mwanawe anavuliwa nguo mbele ya wakata sabuni.

"Mzee Tharsisi," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, "umekula chumvi ya nyumba hii miaka mingapi? Leo ndiyo unamwonea wivu mtoto wa Abdalah kwa sababu stoo hukupewa wewe?"

"Sina wivu, mama. Onja."

"Sionji! Kama ulikuwa na neno juu ya mwanangu, ungenifuata pembeni!"

Pembeni. Yeye. Aliyebomoa ukuta.

Mzee Tharsisi alimtazama kidogo. Kisha akaweka sabuni mezani, akainama, akapiga makofi taratibu kama mtu anayemsalimia mkubwa asiyemfahamu, na akakaa.

Jumatatu hakuja kazini. Pelagia alileta chai, akajiinamia, akapanga kikombe. "Mama, eti nasikia Mzee Tharsisi anapumzika kwake Heru Juu."

"Atarudi lini?"

"Chai imepoa, mama?"

Jumamosi iliyofuata Bi Nasma aliuliza nani ana neno. Longinus akasimama akiangalia viatu vyake. "Tunashukuru kwa chai," alisema, na wote wakapiga makofi. Hakuna tusi lililowahi kumuuma Bi Nasma kama makofi yale. Aliondoka mezani, akazunguka nyuma ya banda. Kile kinjia cha kwenye migomba, kilichokuwa kimeota majani, kilikuwa kimekanyagwa upya.

Mche wenyewe aliufunga vizuri kwenye mfuko wake wa nailoni na kuutia ndani ya mkoba. Hakuuonja. Kila alipotafuta funguo aliugusa, na kila alipougusa alikuwa anajua. Mtu haogopi kuonja kitu ambacho hakijui. Angeuonja, angelazimika kufanya jambo, na jambo lenyewe lina jina la mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli, lakini mikono ya wale wanawake ilikuwa inababuka, na yeye alikuwa anaendelea kupokea simu. "Mama, leta mwingine!" Naye alikuwa anapeleka.

Alichokuja kushindwa kuvumilia ni ule ukimya. Alijua utamfikisha wapi, maana alishafikishwa huko na mawese yakachacha stoo. Alikodi bodaboda kwenda Heru Juu.

Alimkuta Josepha, mke wa Tharsisi, uani anaanika maharage. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe. Bi Nasma alishuka, akajikung'uta vumbi la baibui, akasogea. Kisha akainama, magoti yakamlilia, akapiga makofi. "Mwakeye."

Josepha aliangusha ungo. Mzee Tharsisi alisimama haraka kama kijana. "Mama! Hapana, mama, usifanye hivyo."

"Itikia, Mzee Tharsisi. Mgongo unaniuma."

Akaitikiwa. Akaletewa kiti, na za nyumbani zikaulizwa zote, mpaka za kuku.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Bi Nasma.

"Mimi sina hasira, mama. Nimezeeka tu."

"Una hasira."

Mzee Tharsisi alicheka kidogo bila kutaka. "Ego," alisema, yaani ndiyo. "Ninayo." Akaendelea kuchonga mpini. "Mama, ulituambia tuseme mbele ya watu. Ilituchukua mwaka mzima. Unajua ilivyokuwa kazi kwa mtu kama mimi? Baba yangu angenipiga. Basi nikazoea, nikasema mbele ya watu. Ukanivua nguo mbele ya watu. Sasa umekuja kunifunika hapa, anayeona ni Josepha na kuku."

Bi Nasma alitamani kukasirika, akakosa pa kushika.

"Jumamosi, basi," alisema mwishowe. "Mbele ya wote."

"Na Hamis awepo."

Hilo hakulitegemea. Alitazama maharage yaliyotawanyika, Josepha anayaokota moja moja. Moyo ulimwambia akatae. Mtoto ni mmoja tu, na akimwaibisha anaweza kupanda basi la Dar asionekane tena. Alikuwa anaogopa kweli.

"Atakuwepo," alisema.

Jumamosi Hamis alifika na pikipiki, miwani ya jua kichwani, na mfuko wa mikate kwa ajili ya wazee wake kazini. Akasalimia kila mtu kwa jina. Hakuambiwa ameitiwa nini. Mzee Tharsisi alikaa kwenye kasha lake la siku zote, kofia magotini, ndoo ya maji ya kunawia mikono pembeni yake. Hakuna aliyegusa chai.

Bi Nasma alisimama. "Wiki chache zilizopita nilimtukana Mzee Tharsisi hapa hapa," alisema. "Nilisema ana wivu. Alikuwa hana wivu. Alikuwa ananiambia kitu ambacho nilishindwa kukimeza. Nimekosa, na naomba radhi kwake mbele yenu wote."

Mzee Tharsisi aliinamisha kichwa. Wengine walitazamana, hawajui kama wapige makofi au vipi. Bi Nasma alikaa. Kwa dakika moja alidhani imekwisha, na Mungu amsamehe, alifurahi.

"Na sabuni, mama?" aliuliza Careen.

Binti yule! Hakuuliza kwa jeuri. Aliuliza kama alivyouliza juu ya waya.

Bi Nasma alifungua mkoba, akautoa mche, akaifungua nailoni. Hamis aliuona. Tabasamu lilimkauka, akanyanyuka kutoka kwenye kasha na kuja kuinama sikioni kwa mama yake.

"Mama, hili tuongee pembeni."

Bi Nasma aligeuka. Alitazama pale ulipokuwa ukuta, palipobaki alama ya saruji sakafuni, na watu wake wamekaa pande zote mbili za alama hiyo, wanamtazama.

"Pembeni wapi, mwanangu?" alisema.

Akatoa ulimi, akaugusa mche.

Ulimpiga mpaka kwenye masikio. Machozi yakamtoka papo hapo, yakashuka hadharani, naye hakuyafuta. Hakutema. Alimeza ule ukali wote, akahema, kisha akamnyooshea mwanawe ile sabuni.

"Onja," alisema.

Hamis alitazama huku na huku. Wafanyakazi hawakuinamisha macho. Pikipiki yake ilikuwa pale nje, funguo zimo mfukoni. Mzee Tharsisi alisogeza ile ndoo ya maji karibu na miguu ya kijana, akaweka kikombe kando yake, akangoja pamoja na wengine.

Hamis akaupokea mche.